Alama ya Ukanda Begani

Siku moja kabla ya risasi kufika mji wetu wa Bwera, nilikuwa kwenye benchi langu sokoni nikitibu kucha zilizozama nyamani. Unaloweka mguu katika maji ya moto yenye chumvi ya Katwe, unanyanyua pembe ya ukucha, unasukumia pamba chini yake, kisha unakata moja kwa moja bila kuzungusha. Wateja wangu wengi walikuwa wapagazi wa kahawa, maana buti za mpira hazina huruma na kidole gumba. Nilihesabu vidole kabla ya kazi na baada ya kazi. Mtu akiondoka na idadi aliyokuja nayo, hana la kulalamikia.

Adhuhuri akaja Bwambale, mpagazi, gunia limemwangukia na bega la kushoto limechomoka.

"Muganga, nirudishie mukono. Iko inaning'inia sawa nguo ya mutu mwingine."

"Kurudisha ni kazi ya pesa. Makelele utapiga ya bure," nikamjibu.

Nilimlaza kifudifudi juu ya meza, mkono ukaning'inia chini, nikaufungia dumu la maji. Misuli ikichoka huachia yenyewe. Bega likarudi kwa mlio mdogo. Nikaufunga mkono kifuani kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ukanda nikaupitisha juu ya bega zima la kulia. Nikaukaza. Nikaukaza tena, maana ndiyo tabia yangu.

"Usiinue mkono kama mtu anayetupa jiwe," nilimwonya. "Litatoka."

Kulipokucha waasi walishuka kutoka milimani. Mji mzima ulishika barabara ya Kasese kwa miguu. Njiani Bwambale alifungua ukanda, akasema unamkata, akautupa. Mchana tulifika Kinyamaseke, tukakuta kizuizi cha askari wa serikali wakisaka waasi.

"Toa shati! Toa viatu!"

Kwa wanaume, walitafuta alama ya mkanda wa bunduki begani na miguu iliyochubuliwa na buti za mpira, kama walizovaa waasi. Bwambale alikuwa na zote mbili. Ya miguu aliipata kazini. Ya begani nilimpa mimi.

"Huyu, upande ule!"

Nyuma ya lori walikaa wanaume watano. Nilihesabu tena. Watano. Yeye akawa wa sita.

Kamanda wa askari alikuwa akichechemea.

"Afande," nikasema, "ni kidole gumba cha kulia, pembe ya ndani."

"Nani amekuambia?"

"Kiatu chako. Nikitibu, na wewe unisikilize mpaka nimalize."

"Unapatana bei na mimi?"

"Natoka sokoni, afande. Sijui njia nyingine."

Aliketi juu ya jiwe, akavua viatu vyote viwili. Nilitoa vifaa vyangu mfukoni, nikafanya kazi polepole kuliko kawaida, huku nikimweleza habari ya gunia, dumu na ukanda. Pamba ilipoingia, uso wake ukalegea. Sauti haikulegea.

"Maneno tamu. Ushahidi iko wapi?"

Nilijua ulipo.

Aliyesema ni Bwambale. "Muganga, ulisema nikiinua sawa mutu anatupa jiwe, itatoka. Basi toa."

Nikamshika mkono.

Nikauinua, nikauzungusha kwa nje.

Bega likatoka. Hakulia.

Askari mmoja akageuza uso. Kamanda aliutazama ule mfupa mahali usipopaswa kuwa.

"Rudisha. Muende."

Sikusubiri dumu wala misuli kuchoka. Nilimlaza kando ya barabara, nikaweka kisigino kwapani mwake, nikavuta kwa nguvu zangu zote, kabla mwenye neno hajabadili neno. Likarudi. Ila kuna kitu ndani yake kilikatika ambacho mikono yangu haikuweza kukifikia.

Leo Bwambale anauza karanga Kasese. Mkono wa kushoto haupandi kupita kiuno. Hunilaumu kwa mzaha tu: "Muganga, ulinikaza mara mbili, ukanichomoa mara moja." Ile alama ya ukanda ilifutika baada ya siku tatu.

Kwa Bwambale, nikipiga hesabu, ningefanya vilevile. Hesabu inayonishinda ni ya wale watano. Tulipoondoka walikuwa bado wameketi, na sijapata kusikia habari zao. Kamanda alikuwa na kidole kingine cha kupatania bei, gumba la kushoto, kimeanza kuvimba pembeni.

Nilikiona. Sikukitaja.