Mfupa Uliokuwa Ukiamka Jioni

Kazi yangu ni kuangalia watu wakimeza. Nikimwambia mtu hivyo kwa mara ya kwanza, hungoja niendelee, kana kwamba hiyo ni nusu tu ya jibu. Mama yangu mzazi alinisomesha hadi nikamaliza, na mpaka leo majirani wetu wa Gatina wakimuuliza, huwaambia mimi ni daktari wa meno, kwa sababu hilo linaeleweka upesi. Mtu akipata kiharusi na chai ikaanza kumpalia, au mtoto mchanga akishindwa kunyonya, au mzee akikonda huku sahani yake ikirudi jikoni imejaa, mimi ndiye ninayeitwa niseme chakula kinapotelea wapi kati ya mdomo na tumbo.

Siku tatu kwa wiki naifanya kazi hiyo katika kliniki ndogo ya Kibera, upande wa Mashimoni, chumba cha mwisho baada ya dirisha la dawa. Nina meza, viti viwili, kikombe, kijiko, pakiti ya biskuti, tochi na stetoskopu. Watu huingia wakitafuta mashine kwa macho. Nawaambia mashine iko hospitali kubwa na tutaifikia ikibidi, lakini kwanza nataka kuona na kusikia. Naijua kazi yangu. Nikiweka stetoskopu shingoni mwa mtu anayekunywa maji, naweza kukuambia yalivyopita, na sauti yake baada ya hapo ikinipa shaka kwamba mengine yameelekea njia ya hewa, si kawaida yangu kukosea.

Kwa hiyo mwanamke ninayemwita mama samaki alipokuja, nilidhani shughuli yake itaisha kwa nusu saa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mzaliwa wa kando ya ziwa, anayeuza samaki Kawangware, kwenye stendi ya 46. Sketi yake ilikuwa imebanwa kiunoni kwa pini mbili kubwa. Alikaa, akaweka kidole kooni, chini kidogo ya kidevu.

"Hii mfupa iko hapa," alisema. "Miezi tano. Nimeenda kliniki tatu. Wanaangalia na tochi, wanasema hakuna kitu. Huyu wa mwisho akaniuliza kama niko na stresi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia stresi ni yeye."

Alifungua mkoba akatoa karatasi ya shashi iliyokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na kipande cha mfupa, chembamba kama njiti. Alieleza kwamba kuna bibi mmoja aliyemkanda shingo kwa mafuta, akamwambia ateme, na hicho ndicho kilichotoka. Nilimuuliza kama alipona.

"Siku mbili. Halafu nikaiangalia vizuri. Mimi nauza samaki miaka kumi na nane, daktari. Hii si ya samaki. Hii ni ya kuku."

Nilimpenda hapo hapo.

Nilimpima kama ninavyompima kila mtu. Niliangalia ulimi, midomo, meno, nikamwambia aseme "aaa" nikaona kaakaa likiinuka vizuri pande zote mbili. Niliweka vidole vinne shingoni mwake, akameza mate, na kile kifundo cha koo kikaruka juu na mbele kama kinavyotakiwa. Kijiko cha maji kilipita salama. Kikombe kizima kilipita salama. Alitafuna biskuti, akameza, mdomo ukabaki safi, sauti ikabaki kavu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Niliandika kwenye faili kwamba umezaji wake uko sawa, nikamwambia kwa upole kwamba sioni mfupa wala dalili ya mfupa, ila nitamwandikia aende akapigwe picha ya umio, njia ya chakula, tuone huko chini.

"Nilijua utasema hivyo," alijibu, bila hasira. Alisimama, akafika mlangoni, akageuka. "Hata mimi asubuhi naona ni kama imelala. Inaamka jioni."

Akaenda.

Niliona wagonjwa wengine wawili kabla maneno yale hayajanirudia. Nilikuwa nikiosha kikombe. Mfupa haujui saa. Uvimbe haujui saa, na kovu la koo halijui saa. Kitu kinachoanza siku kikiwa kizima na kuisha nguvu kadiri jua linavyokwenda ni msuli. Nikakumbuka pia kwamba mwisho wa mazungumzo yetu sauti yake ilikuwa imeanza kupitia puani, kidogo tu, nami nikaidhania mafua. Nilirudi kwenye faili nikasoma nilichoandika, na nikaona aibu. Nilikuwa nimempima mwanamke yule katika saa ambayo hana shida, kama waliomwona kabla yangu, kisha nikamrudisha nyumbani kwa maneno yale yale, tofauti ikiwa upole wangu tu.

Nilimpigia simu.

"Kesho usije kliniki. Nitakuja mimi hapo kwako. Jioni unakula saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, nikimaliza watu wa kutoka job." Kisha akauliza, "Unakuja kuona nikikula?"

"Ndiyo."

"Sawa. Ukuje na njaa."

Nilifika saa kumi na moja. Meza yake iko kando ya barabara ya vumbi, mbele ya duka la mitumba. Upande mmoja mdogo wake wa kike alikuwa akikaanga mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, kwenye karai, upande wa pili kulikuwa na sanduku la barafu lenye samaki wabichi. Nilipewa kigoda, nikakaa nyuma ya meza. Sikufanya lolote isipokuwa kuangalia na kusikiliza.

Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mwenye biashara, kubwa, yenye utani kwa kila anayepita. Baada ya nusu saa maneno yalianza kulegea. Herufi zilikuwa zinakosa makali, na sauti ikapanda puani. Kufikia saa kumi na mbili alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja cha kushoto huku akifunga samaki kwa mkono wa kulia, na kope la jicho lake la kulia lilikuwa limeshuka hadi katikati ya mboni. Nilimsogelea mdogo wake nikamuuliza kama jicho hilo huwa hivyo.

"Jioni ndio hukuwa hivyo," alisema. "Sisi humwambia alale mapema."

Chakula kililetwa: ugali, kipande cha mbuta, sukuma wiki. Tonge la kwanza lilishuka, la pili na la tatu pia. La nne alilitafuna muda mrefu, na nikaona mkono wake ukipanda wenyewe kusukuma taya juu ili mdomo ufunge. Alimeza mara moja, akameza tena, akatikisa kichwa, akachukua kikombe cha maji. Maji yakatoka puani. Aliyafuta haraka na kona ya leso, bila kuangalia mtu, kama aliyelifanya jambo hilo mara nyingi.

"Sema aaa," nilimwambia.

Sauti ilitoka ikiwa na maji ndani yake. Nilimwomba akohoe, na kikohozi chake kilikuwa dhaifu. Niliisogeza sahani mbali, nikaweka vidole vyangu shingoni mwake pale pale nilipoviweka jana, nikamwambia ameze mate. Kifundo cha koo kilipanda nusu ya njia, kikasita, kikateleza kurudi chini.

"Mfupa ndio hiyo sasa," alisema. "Umeishika?"

"Nimeishika. Lakini si mfupa, mama. Ni misuli yako imechoka. Ya koo, ya taya, na ya jicho."

Alinitazama kwa jicho moja zima na jingine nusu. "Mimi nafanya kazi tangu nikiwa mtoto. Sijawahi choka koo."

Ndipo nikaliona lile sanduku la barafu kwa mara ya pili. Kuna kipimo cha kale ambacho madaktari wa neva hukifanya wakishuku ugonjwa fulani wa misuli: jicho lililolegea huwekewa barafu kwa dakika mbili. Nilikuwa nimekisoma nikiwa chuoni na sikuwahi kukifanya. Nilimweleza ninachotaka, nikamwomba ruhusa nimrekodi kwa simu. Akasema sawa. Mdogo wake alichagua vipande safi vya chini kabisa, akavisuuza, akavifunga ndani ya kitambaa, nami nikakishikilia juu ya kope lile huku mkono wangu mwingine ukishika simu. Mteja mmoja alikuja kuuliza samaki wa aina ya ngege, akatuona, akasimama akangoja.

Dakika mbili zilipoisha nilitoa kitambaa. Jicho lilifunguka lote.

Mdogo wake aliweka kijiko cha kukaangia chini. "Imefunguka," alisema polepole. "Si umeona? Imefunguka yote."

Mama samaki aliomba simu, akajiangalia kwenye video, akarudia. Nilimweleza kwamba neva hutuma ujumbe kwa msuli, na kwamba kwake yeye nilishuku ujumbe unazidi kufifia kadiri msuli unavyotumika, ila baridi husaidia kidogo ufike. Nilimwambia pia nina hakika kwamba koo lake lina shida, nina karibu hakika ya jina la shida yenyewe, lakini si mimi wa kulithibitisha. Kisha nikamwambia avute pumzi aanze kuhesabu bila kuvuta nyingine. Alifika ishirini na sita; mwenye misuli imara ya kupumua hufika karibu hamsini. Haikunifurahisha, ila ilinipa muda hadi asubuhi. Nilimkataza kula kitu kingine jioni ile, nikamwambia alale ameinua kichwa na mgongo kwa mito, na nikamwagiza mdogo wake kwamba pumzi ikianza kuwa fupi waende hospitali moja kwa moja, wasinipigie mimi kwanza.

Asubuhi tulikutana watatu kwenye lango la hospitali kubwa. Mama samaki alikuwa amependeza, macho yamefunguka, sauti imerudi kamili, na hilo ndilo lililokuwa likinitia wasiwasi. Daktari wa neva alikuwa kijana mwenye uso wa mtu aliyelala vibaya. Alisoma barua yangu, akampa maji, akamwangalia akinywa kikombe kizima bila tatizo.

"Anameza vizuri kabisa," aliniambia.

"Sasa hivi, ndiyo. Naomba uangalie hii."

Aliangalia video mara mbili. Mara ya pili aliisimamisha pale kitambaa kinapotoka. Akaiweka simu mezani, akasogeza kiti, akamwambia mama samaki aangalie dari bila kushusha macho. Ilipita dakika moja na ushee, kope la kulia likaanza kushuka, na baada yake la kushoto, ambalo mimi sikuwa nimelishuku.

"Nani alifikiria kwenda kumwona jioni?" aliuliza.

"Yeye aliniambia," nikasema, nikimwonyesha mama samaki. "Ilinichukua muda kusikia."

Alichukuliwa damu, akapimwa neva kwa umeme, akapigwa picha ya kifua kuangalia tezi ambayo wakati mwingine huhusika, ikaonekana haina uvimbe. Majibu ya damu yalikuja baada ya wiki kadhaa na yakasema tulichodhani. Ugonjwa huo huitwa miasthenia. Kinga ya mwili hukosea, ikashambulia pale neva inapokutana na msuli. Daktari alipomaliza kueleza, mama samaki aliuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo si kichwa yangu?"

"Si kichwa chako," daktari alimjibu.

Alitikisa kichwa kukubali, akatoka nje kwenye korido, akalia akiwa ameegemea ukuta. Mdogo wake alimshika mkono. Mimi nilibaki na mafaili.

Dawa ilimsaidia kuanzia siku ya kwanza, lakini dawa peke yake isingetosha. Tulipanga upya siku yake. Kidonge kinatangulia chakula kwa nusu saa hivi. Chakula kikubwa ni cha mchana, wakati misuli bado ina nguvu, na kabla ya kula anapumzika, haongei. Matonge madogo, kidevu chini kidogo wakati wa kumeza, akichoka aache, hata kama sahani imebaki. Jioni nilitaka anywe uji mzito. Hapo tuligombana.

"Uji ni ya watoto na wagonjwa," alisema.

"Na wewe ni mgonjwa."

"Mimi niko na ugonjwa. Si mgonjwa."

Tulikubaliana kwenye samaki wa kuchemsha aliyepondwa na mchuzi mzito, chakula alichokibuni mwenyewe, nami nikakipima kwa kijiko, nikaona kinamfaa zaidi ya uji wangu.

Sitasema alipona. Msimu wa mvua alishikwa na homa ya mafua, akaacha vidonge siku mbili akidhani vinagongana na dawa ya kikohozi, akalazwa siku nne akisaidiwa kupumua kwa oksijeni. Alitoka. Siku hizi anafunga kazi saa kumi, na jioni mdogo wake ndiye anayeuza. Mimi nami kuna kilichobadilika. Kwenye fomu yangu, juu kabisa, kabla ya mdomo na ulimi, niliongeza swali: shida huja saa ngapi, ukiwa unafanya nini? Wagonjwa huwa na jibu tayari.

Mwezi uliopita nilipita 46 saa saba mchana nikielekea kumwona mtoto wa jirani yake. Nilimkuta nyuma ya meza na sahani ya ugali mapajani, mgongo wima, anatafuna. Sketi ilikuwa mpya, haina pini. Mwanamume mmoja alisimama akaita, "Mathe, hii mbuta ni ya leo?" Hakujibu. Aliinua kiganja kumsimamisha, akaendelea kutafuna bila haraka, akashusha kidevu, akameza. Mwanamume aliita tena, na mdogo wake akamwambia angoje, huyu akikula haongei. Alingoja. Mama samaki alichukua tonge lingine, akanisalimia kwa nyusi.