Dufu la Ustadhi

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kila nilipoimba nilikimbia, nikaliacha dufu nyuma. Ustadhi wetu pale Masoko alisema naimba kama mtu aliyebandika wali akausahau. Katika kikundi cha kaswida cha madrasa, wasichana tuliimba na wavulana walipiga dufu, na aliyeweza kunirudisha kwenye mwendo alikuwa mmoja tu, kijana wa Kisiwani aliyevuka kwa boti kuja mazoezini. Nikianza kukimbia, alipiga pigo moja zito, nami nikatulia. Wengine hawakujua kuwa pigo lile lilikuwa langu.

Tulipendana. Nasema waziwazi kwa sababu siku hizi watu wakiulizwa husema walikuwa watoto tu, basi yameisha. Mapenzi yetu yalikuwa simu yenye kioo kilichopasuka, iliyojaa Bongo Fleva, na waya mmoja wa kusikilizia: sikio moja lake, moja langu. Mkono wangu hajawahi kuushika.

Mwaka ule tulialikwa kuimba kwenye maulidi Lindi mjini, na ustadhi alimwahidi yeye kuongoza madufu. Mwenzangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na baba yake, mvuvi, amechoka kumwona anagonga meza. Baba alisema akimwona anaongoza Lindi, atamwacha na muziki wake. Asipoongoza, watakwenda wote dago, kambi ya wavuvi kule Songo Mnara, na ataanza kazi ya wanaume. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa hatutulii, tukihesabu siku.

Hewa ya pwani hulegeza ngozi ya dufu. Kabla ya kupiga huwa tunaipasha moto kwenye makaa, tukiigeuzageuza mpaka ikaze na ilie vizuri. Kazi hiyo ilikuwa yake. Alasiri moja, zikiwa zimebaki siku tatu, alikuwa nyuma ya madrasa na dufu la ustadhi, lile aliloachiwa na marehemu baba yake. Mimi nilipaswa kuwa ndani na wenzangu. Nikachoropoka.

"Sikiliza hii," akasema, akanipa sikio langu. Alikuwa amejirekodi akiguna wimbo mpya huku akigonga meza. "Maneno utatia wewe."

"Rudisha."

"Ngoja nigeuze dufu kwanza."

"Mara moja tu, jamani. Huna haraka."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Mimi, ambaye sijawahi kungoja kitu maishani mwangu. Akarudisha, na wimbo haujafika nusu ngozi ikapasuka, pa. Akanichomoa waya sikioni. "Ingia ndani."

Nikaingia, nikasimama nyuma ya pazia la mlango. Nilimsikia ustadhi akifika na kuuliza, "Ulikuwa na nani hapa?"

"Peke yangu, ustadhi. Nilisinzia. Nisamehe."

Ustadhi hakufoka. Alisema tu kwamba anayesinzia mbele ya moto hawezi kuongoza wenzake. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale na maneno yote kinywani. Nilijua nikitokeza nitafutwa kwenye safari na mama yangu ataitwa. Nilikuwa mwoga, nikaitaka Lindi.

Nikaimba Lindi. Nilikimbia toka mwanzo mpaka mwisho, asiwepo wa kunirudisha, na watu wakasema binti ana moto. Yeye alikuwa dagoni tangu juzi yake.

Nilimwona baada ya miezi mitatu, gatini, akishusha ndoo za samaki. Viganja vyake vilikuwa vimechanwachanwa na kamba.

"Lindi ulikimbia?" akauliza.

"Nilikimbia."

Akacheka. Nikasubiri aniulize na lile jingine, la siku ile ya dufu, ili nilazimike kujibu. Hakuuliza. Nilikuwa nachezesha miguu, karibu niyaseme mwenyewe. Akaigonga ndoo kwa kiganja, pigo moja zito, lile langu. Nikatulia, kama kawaida yangu. Kisha akainyanyua akaenda zake, na mimi sikusema kitu.