Kandambili ya Kulia

Harufu ya mpira unaoungua ikinifikia, mikono yangu hutafuta kiuno cha kushika.

Tulitoka Ifakara baiskeli sita, tukavuka mto kwa pantoni, tukaipanda milima ya Mahenge kwenda kwenye ubatizo. Mimi nilikaa kwenye keria ya baba. Kila mteremko wenzetu walitangulia, sisi tukabaki nyuma, nami nikaona aibu.

"Baba, wanatuacha. Kimbiza."

"Waache watangulie, mama. Wewe nishike tu."

Tulipofika baba alivua viatu mlangoni. Shangazi akaokota kandambili ya kulia, imetoboka katikati.

"Kaka, bado huna breki?"

"Ndiyo maana nashuka wa mwisho, nisije nikawagonga wenzangu."

Miteremko yote alikuwa akikandamiza tairi kwa unyayo, huku mimi nikimhimiza akimbize.