Upande wa Moshi

Obunga, Kisumu, saa moja asubuhi. Dorca Akello anasukuma kipande cha tairi kuukuu chini ya karai la mafuta, anawasha kiberiti, na moshi mweusi unatanda hadi kwa majirani. Mvua ya jana imelowesha kuni. Bila tairi haziwaki.

"Yawa, hama hapo, Bwana, utalia bure," anamwambia mwandishi. Anacheka, kisha anakohoa mpaka anashika magoti.

Tangu 1987 Dorca anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani minofu ikishauzwa ng'ambo. Kando yake kuna makarai mengine kumi na manne, yote yanafuka. Ongeza malori na jaa la taka linaloungua, utaelewa kwa nini watu wa hapa hawaaniki nguo nyeupe.

Nguo si kitu. Kinachomuumiza Dorca ni Benta, bintiye wa miaka saba, anayeketi mlangoni mabega yakipanda na kushuka, pumzi ikipiga filimbi.

Kabla ya Benta kulikuwa na Joram. Malaria ilimchukua akiwa na miezi kumi na mmoja. Benta alipozaliwa, Dorca aliapa kwamba mbu hatamgusa. Kila jioni alipokaanga, alimlaza juu ya gunia, upande ule ule moshi ulikoelekea.

Msomaji, usimcheke. Ungekuwa umezika mmoja, huyu wa pili ungemlaza wapi?

"Watu walinisifu, wakasema mama huyu anajua kulea," anasema. "Na malaria haikumshika hata mara moja. Nilijivuna, mimi mjinga."

Mwaka jana daktari alimuuliza mtoto hulala wapi yeye akikaanga. Dorca akajibu kwa fahari. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, ni huo moshi," akamwambia. "Kifua hakitarudi kama kilivyokuwa. Lakini mtoe hapo, atapata nafuu."

Likizo ya Agosti, Benta atahamia kwa bibi yake, kijijini Luanda Kotieno, asome huko kwenye upepo wa ziwa. Dorca atabaki na karai lake, maana karo itatoka hapo hapo.

Tayari amemnunulia chandarua. Anakitoa kwenye kikapu, anakikunjua, anakikunja tena.

"Hata mwaka aliozaliwa vilikuwa vinauzwa," anasema taratibu. "Nilivipita dukani kila siku, nikienda kutafuta tairi."