Vigogo Vinne vya Uchaga

Mpunga uliolowa maji ya chumvi una harufu yake: kwanza uchachu wa togwa iliyosahaulika, halafu kuoza. Juzi niliisikia sokoni Kibiti, kwenye gunia la mtu, nikageuka nikaondoka bila kununua nilichofuata.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Nyamisati, kwenye nyumba ya bondeni ambako bamvua likija kubwa maji ya bahari huingia mpaka ndani. Kwa hiyo mbegu ya mpunga ya mama, magunia matatu, ilikaa juu ya uchaga, na uchaga ulikaa juu ya vigogo vinne vya mkoko. Mbegu hiyo aliirithi kwa mama yake, na shamba lake lilikuwa Maparoni kwa kaka zake. Msimu ule alikwenda Utete kumuuguza dada yake hospitalini. Akaaga mlangoni: "Baba Rehema, mbegu yangu naiacha mikononi mwako." Rehema ni mimi.

Siku ya pili wakaja wageni, mume na mke wastaafu, gari lao likivuta tela lenye kitanda, jiko na mapazia. Walitaka kukaa siku mbili tatu watazame ndege wa mikokoni. Kiwanja walichopewa kiliteremka kuelekea majini, na tela likasimama upogo. Baba yangu, mkata boriti ambaye mlango wa nyumba yake ulikuwa haufungiki mwaka wa pili huo, akajitolea kulisawazisha.

Sijapata kumwona na bidii ile. Mgeni alimpa pima maji, kile kifaa chenye kipovu cha kuonyesha usawa, baba akanikabidhi mimi niiweke sakafuni mwa tela. Wakaanza na ubavu: gurudumu la upande wa chini wakalipandisha juu ya ubao, wakalizuia kwa mawe lisirudi. Kisha wakashughulikia mbele na nyuma, wakizungusha mpini wa kigurudumu cha mbele, nami nikipiga kelele, "Bado! Bado kidogo!" mpaka kipovu kikatulia katikati. Ikabaki miguu minne ya pembeni, ile ya kuzuia tela lisitikisike. Chini palikuwa tope, na miguu ikazama.

"Vigogo viko nyumbani," baba akasema.

Tulikwenda wawili. Yeye aliinua uchaga kona moja moja kwa boriti, uso umemwiva, mimi nikavuta vigogo. "Kesho tunavirudisha," akaniambia. "Mama yako hajui kitu." Nikacheka. Jamani, nilijiona mkubwa, nina siri na baba yangu!

Tukaviweka chini ya miguu ya tela, na wageni wakasifu sana. Yule mke wa mgeni alisema sasa hata chai haimwagiki kikombeni. Kesho yake baba akashinda gengeni akiyasimulia maneno hayo kwa kila aliyepita, vigogo akavisahau, na alasiri bamvua likaingia.

Mama alirudi baada ya siku tatu. Harufu aliipata mlangoni. Akatia mkono guniani, akautoa umejaa utelezi mweusi. Akauliza, kwa sauti yake ya kila siku, nani katoa vigogo.

Baba akaninyooshea kidole. "Si mwanao huyo! Kavichukua kuchezea."

Mama akachuchumaa mbele yangu. "Rehema mwanangu, ni wewe?"

Nikamtazama baba. Kisha nikaitikia kwa kichwa.

Asubuhi mama alifunga nguo zake akaenda Maparoni kwa kaka zake, na hakurudi. Mimi nilibaki, maana wakubwa walisema mtoto ni wa baba. Nikakua nikiamini kwamba nilimfukuza mama yangu kwa mikono yangu miwili. Baba aliniona nikilia kwa ajili hiyo, mwaka baada ya mwaka, asinitoe humo hata kwa neno moja. Hilo sijamsamehe, na sasa yuko kaburini.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama wa watoto, siku nilipojaribu kusogeza gunia moja la mpunga peke yangu nikashindwa. Gunia moja tu! Mtoto wa miaka minane angeinua uchaga wenye matatu? Mama alilijua hilo tangu alipochuchumaa mbele yangu. Hakuniuliza ili anikamate. Alitaka mtu mmoja ndani ya nyumba ile amwambie kweli, na nilikuwa nimebaki mimi.