Hesabu ya Watoto wa Mzee Wamboga

Ketty alikuwa askari jela mjini Jinja kwa miaka ishirini na miwili, na kazi hiyo ilimwingizia jambo moja mifupani: lango halifungwi mpaka hesabu itimie. Akikosekana mfungwa mmoja, hata mwizi wa kuku asiyetembelewa na ndugu, zamu nzima husimama kuhesabu upya. Nyumbani kwake Walukuba alikuwa hivyo hivyo. Chakula hakikupakuliwa kabla mdogo wake, Norman, hajarudi kutoka mwaloni Masese.

Norman alizaliwa na ulemavu wa akili. Maneno humtoka polepole, na kusoma kulimshinda. Kijijini kwao, nje ya Mbale, walimwita kasiru, yaani mpumbavu, wakamficha nyumba ya nyuma kila walipopata wageni. Ketty alipoajiriwa tu, alimchukua. Leo Norman anapaa samaki Masese kwa kisu chake mwenyewe, na wachuuzi humngojea yeye kwa sababu haachi gamba. Na jina la mtu akilisikia mara moja, halisahau.

Mwaka jana baba yao, Mzee Wamboga, alifariki. Kwao, kabla kaburi halijafukiwa, watoto wa marehemu husimamishwa mbele ya waombolezaji na kutajwa mmoja mmoja. Aliyetajwa ni mtoto, ukoo mzima ni shahidi. Asiyetajwa, siku ya kugawana shamba asijisumbue kuja.

Baba mdogo Conrad ndiye aliyeshika karatasi. Akataja saba. Ketty, aliyesimama mbele na sare yake ya kazi, akajua papo hapo: wao ni wanane. Akageuka, Norman hayupo. Mke wa Conrad alikuwa amempeleka nyumba ya nyuma na sahani ya malewa, yale machipukizi ya mianzi, maana wakwe wa binti yake walikuwapo, na aibu, eti, huvunja ndoa. Aibu ya nani, hebu niambieni.

Ketty hakulia. Alitoka mstarini, akasimama ukingoni mwa kaburi, na Kiswahili cha kazini kikamtoka. Kiswahili cha namna ile, cha askari na amri zao, bado huwanyoosha wazee wa Mbale migongo.

"Udongo haiingii hapa," alisema. "Mzee alizaa watoto nane. Baba mdogo, wewe nasema saba. Hesabu haijatimia."

Conrad akamsihi kwa sauti ya chini: yule hajui lolote, asiwaumbue mbele ya wageni. Ketty akamjibu kwamba hata wafungwa huhesabiwa wote, wala hakusogea. Mchungaji akafunga kitabu. Wachimba kaburi wakaegemea majembe yao. Jua likachoma, watu wakaanza kunong'ona, hadi mama mkwe mwenyewe wa yule binti wa Conrad, Janepher, akauliza huyo wa nane yuko wapi, mbona haletwi.

Lisilo budi hutendwa. Norman akaletwa. Shati alilolipiga pasi mwenyewe Walukuba lilikuwa na tone la mchuzi. Akasimama visigino pamoja, kama dada yake alivyomzoesha.

"Mimi Norman Masaba," alisema polepole. "Mtoto wa tano. Huyu ni baba yangu."

Hakuishia hapo. Aliwataja ndugu zake wote kwa kufuatana, kisha wajukuu, hata kichanga ambaye karatasi ya Conrad ilimsahau. Watu wakapiga makofi, msibani pale pale. Ndipo Ketty alipolia, na furaha yake hakuificha. Norman akatupa udongo wake, na shamba lilipogawanywa akapata migomba yake na mibuni yake kama wenzake.

Mwezi uliopita shangazi yao alifariki, na simu ikapigwa Walukuba. Safari hii hawakumtaka afande. Walimtaka Norman awataje watoto.

Aliwataja wote aliowajua, bila karatasi. Kisha akauliza kama hesabu imetimia. Binti mmoja wa marehemu, Patience, akainuka, akaenda nyumba ya nyuma, akarudi amemshika mkono msichana mkubwa ambaye majirani hawakuwahi kumwona. Msichana alikuwa akifinya macho kwa mwanga.

Norman alimwuliza jina lake, akamngoja mpaka akalitamka, akalirudia kwa sauti ili wote wasikie. Kisha akamsogeza mstarini.

"Sasa imetimia," alisema, na majembe yakaanza kazi.