Kompyuta Isiyosikika Sebuleni

Siku umeme ulipokatika mtaani kwetu, ulikatika pia huko ng'ambo aliko rafiki yangu.

Soma taratibu. Hata mimi ilinichukua muda kuelewa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina kibanda ghorofani, juu ya duka la vioo, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuunda mashine za gemu. Mtu ananiambia anachotaka, namchagulia kifaa kimoja kimoja, nafunga, najaribu, anabeba. Mdomo ninao, lakini mikono yangu haina longolongo.

Siku moja akaingia Madam.

Madam alikuwa mwalimu mkuu wa shule tuliyosoma mimi na mwanawe. Mwanawe tulimwita Profesa, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na jibu la kila kitu. Alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, mtaa mzima ulitoka kumsindikiza. Nililia siku hiyo, sioni aibu kusema.

Miaka ikapita, hakurudi hata likizo. Lakini tulikuwa tunacheza gemu mtandaoni karibu kila siku, kila mtu na hedifoni zake, tukitaniana kwa kuandikiana mpaka mbavu zinauma. Mtandao wake ulikuwa mwepesi ajabu. Nikadhani huko waliko mtandao ni kama maji ya bomba.

Basi Madam akakaa, akapumua kwanza maana ngazi zangu si mchezo, akasema anataka kompyuta ya gemu. Ya mpangaji wake, kijana fulani.

Nikamuuliza anataka ya namna gani, nikitegemea atajibu "nzuri" kama wazazi wote.

"Isiyotoa sauti," akasema. "Mtu akikaa sebuleni na mlango wa chumba umefungwa, asijue kama kuna kompyuta ndani."

Nikamwambia inawezekana.

"Na idumu. Sitaki kila mara fundi aingie chumbani kuifungua."

Nikacheka moyoni. Wateja wangu huwa wanauliza taa: itawaka rangi ngapi? Huyu anataka kitu kama jiwe.

Kazi hiyo ikanipa raha. Kelele za kompyuta zinatokana na feni, nikamweleza, na feni zinakimbizwa na joto. Ukitaka kimya, punguza joto kwanza.

Nikamchagulia kadi ya picha isiyo na tamaa ya umeme, siyo ile ya kutisha anayoililia kila kijana. Prosesa ya kiasi, na juu yake kipozeo kikubwa kama tofali. Feni kubwa zinazozunguka polepole, kwa sababu feni ndogo lazima ikimbie, na ikikimbia inapiga kelele. Pawa saplai, kile kifaa kinachoilisha mashine umeme, yenye nguvu kuliko mahitaji, isije ikachoka mapema. Diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Keisi nzito yenye sponji kwenye kuta, na chujio la vumbi unalolivuta kwa nje na kulipangusa bila kugusa skrubu.

Kila nilichotaja, Madam alikiandika kwenye simu, akatuma mahali, akasubiri, kisha akaitikia kwa kichwa. Kifaa kimoja akakikataa. Nikajua huyo mpangaji si mtu wa kudanganywa.

Halafu nikamwomba nikaone chumba. Mimi huwa sifungi mashine kabla sijaona itakapokaa. Chumba chenye joto kinaua mashine nzuri.

"Haiwezekani, mwanangu," akasema. "Mpangaji wangu hapendi watu."

Alisimama mlangoni kidogo, akanitazama, akashuka.

Nilipomaliza kuifunga na kuiwasha, nilidhani sijaiwasha. Ikabidi niweke kiganja nyuma ya keisi kuhisi upepo. Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Sasa turudi kwenye umeme.

Ilikuwa mchana, kibandani hakuna mteja, mimi na Profesa tuko katikati ya mechi. Umeme ukaenda mtaa mzima. Mimi nina betri kubwa, kwa hiyo sikuzimika.

Profesa akapotea.

Umeme uliporudi, naye huyo. Akaniambia nimwie radhi, mtandao wa huko unasumbua.

Sikuwaza kitu. Lakini wiki hiyohiyo umeme ukakatika tena, naye akapotea tena. Ukarudi, akarudi. Mara iliyofuata nilikuwa tayari nimekaza macho kwenye kioo, nikamwona akipotea sekunde ileile umeme ulipokatika.

Zamani haikuwa hivyo. Baadaye nilijua kwa nini: zamani alikuwa na laptop, na laptop ina betri yake, mtandao akiuvuta kwenye simu. Mashine niliyounda mimi haina.

Nikakaa nikafikiri. Mtandao usiochelewa. Mtu anayepatikana asubuhi yetu na jioni yetu. Huko kwao hawalali?

Nikafunga kibanda, nikaenda kwa Madam.

Alinikaribisha sebuleni, akanimiminia chai. Nikatega sikio. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa hatua chache tu kutoka kitini kwangu, na sikusikia chochote. Kazi yangu ilikuwa nzuri mno.

"Madam," nikasema, "mpangaji wako ni nani?"

Aliweka birika chini. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta.

Profesa alirudi kabla hata mwaka wa kwanza haujaisha. Masomo yalimshinda, chuo kikamwondoa. Aliingia nyumbani alfajiri, kofia imeshuka mpaka machoni, akamwomba mama yake asimwambie mtu mpaka apate la kuwaeleza wale waliomsindikiza. Madam alidhani ni suala la wiki moja.

Hasira ikanipanda. Sikumwonea haya tena kama mwalimu wangu. Nikamwambia kumfungia binadamu chumbani kwa sababu ya aibu ni ukatili, hata kama umemzaa mwenyewe.

"Ufunguo anao yeye," Madam akasema. "Uko kwa ndani."

Nikageuka kuutazama mlango.

Chumba kina choo chake. Kazi ya Madam ni kuweka sahani mlangoni na kuondoka, ndipo mlango unafunguliwa. Mtoto wake yuko hatua chache tu, lakini alikuwa hajamwona uso kwa muda mrefu. Laptop ilipoanza kufa, Profesa alimwambia kwamba ikifa, naye hana sababu ya kuamka. Madam aliogopa. Ndipo akanijia.

"Mafundi wamejaa mjini," nikamwambia. "Kwa nini mimi?"

Akaniongezea chai kwanza.

"Nilijua mafundi mnavyochakachua. Masharti yalikuwa yake, na kila kifaa alikipitisha yeye, mimi nisingeweza kumdanganya. Nilitegemea wewe ungemdanganya. Ungeweka vibovu, ikafa baada ya mwezi, akaniambia niite fundi. Fundi ungekuwa wewe. Angekuona." Akatikisa kichwa. "Kumbe wewe ni mwaminifu, mwanangu."

Nimetukanwa na wateja wa kila aina. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama sifa ile.

Nikaenda mlangoni, nikagonga. Nikamwambia ni mimi, mashine inatakiwa kusafishwa ndani, anifungulie dakika moja tu.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

"Ulimwambia Mama haihitaji fundi. Tafadhali usimwambie mtu. Tucheze jioni?"

Jioni tulicheza. Ningefanyaje? Niliogopa nikimkazia nitampoteza kabisa. Nikawa napita pale mara kwa mara, nakaa sakafuni, naongea na mlango. Madam anakaa kitini nyuma yangu, ananisikiliza kama anayesikiliza dua. Mlango haukufunguliwa.

Halafu Madam akaanguka sokoni. Alikata roho kabla hajafikishwa hospitalini.

Nilipofika nyumbani kwake sebule ilikuwa imejaa. Kaka yake Madam, mjomba wa Profesa, alikuwa anapokea watu. Kila aliyeingia aliuliza habari za kijana, na mjomba akajibu kwamba wamempigia ng'ambo hapatikani, labda yuko njiani anatafuta ndege. Wanawake wakasema maskini, hatawahi kumzika mama yake.

Nikakaa chini, mgongo umeegemea ule mlango. Nyuma yangu hakuna hata mtetemo. Nikafikiri anajua. Nikafikiri amesikia, analia kimyakimya humo ndani.

Simu ikatetemeka.

"Nimevua hedifoni sasa hivi. Mbona leo sebuleni kuna watu wengi? Mama hajaniletea chakula tangu asubuhi. Umemwona?"

Niliisoma mpaka herufi zikaanza kuelea. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Jambo kama lile huwezi kumwandikia mtu.

Nikasimama, nikageuka, nikagonga mlango mbele ya watu wote.

"Profesa," nikasema kwa sauti. "Mama yako hawezi kuja tena. Fungua. Nimekuja mimi."

Sebule nzima ikageuka. Mjomba alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili.

Ufunguo ukazunguka.

Akatoka miguu mitupu, ndevu zimefika kifuani, macho akiyafinya kwa sababu ya mwanga. Aliangalia watu mmoja mmoja, akimtafuta mama yake katikati yao.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemuuliza shahada iko wapi. Kicheko hicho alikikimbia miaka yote, na kilipotakiwa kuja hakikuja. Mjomba wake aliinuka tu, akampisha kiti, na mwanamke mmoja akaenda jikoni kumtafutia chakula.

Mama yake alitaka kuuona mlango huo ukifunguliwa kuliko kitu chochote duniani. Hakuuona.

Wewe unayesoma hapa, kama una rafiki aliye hewani saa zote, usifurahi tu kwamba una wa kucheza naye. Muulize leo amekula na nani.

Akikuzungusha, nenda kagonge. Na usiondoke.